Wafadhili Wanaondoka: Ni Nani Atakikalia Kiti Chao?



Yaliyotokea yanajulikana, lakini ni vyema yaandikwe pamoja na tarehe zake, maana watawala wetu hupenda sana mambo yasiyo na tarehe. Januari 20, 2025, siku ileile aliyoapishwa, Rais Donald Trump wa Marekani alitia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya nchi yake kwa mataifa ya kigeni kwa muda wa siku 90. Siku hizo hazijatimia, waziri wake wa mambo ya nje, Marco Rubio, akatangaza mwezi Machi kwamba asilimia 83 ya miradi ya USAID imefutwa. Ilipofika Julai 1 shirika lenyewe, ambalo liliundwa mwaka 1961, likafungwa na masalia yake yakawekwa chini ya wizara. Uingereza nayo ilikuwa imekwisha kutangaza mwezi Februari kwamba kufikia mwaka 2027 fungu lake la misaada litashuka kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi asilimia 0.3, ili fedha zipatikane za kununulia silaha. Ujerumani na Ufaransa zimefuata njia hiyo hiyo. Umoja wa Mataifa, uliokuwa umeomba dola bilioni 47 za kuwaokoa walimwengu walio taabani katika mwaka 2025, ulimaliza mwaka ukiwa umepata kama dola bilioni 12, kiasi ambacho hakijawahi kuwa kidogo hivyo katika muda wa miaka kumi. Kwa hiyo kwa mwaka 2026 umeomba bilioni 33, na ndani ya hizo ukatenga bilioni 23 za watu milioni 87 ambao hali yao ni mbaya kupita wote. Maana yake ni kwamba maofisa wa rehema wameketi mezani na kalamu nyekundu, wakiamua ni nani atakayeachwa.

Hapa kwetu tarakimu hizo zilionekana kwanza katika sahani. Kambi ya Dadaab ilifunguliwa mwaka 1991 kwa ajili ya waliokimbia vita vya Somalia, na ile ya Kakuma mwaka 1992 kwa ajili ya vijana waliotembea kwa miguu kutoka Sudan. Katikati ya mwaka 2025 mgao wa chakula katika kambi hizo ulishuka hadi asilimia 28 ya kile ambacho wataalamu wa lishe wanasema mtu anakihitaji. Wakimbizi wa Kakuma waliandamana. Tangu Agosti wakapangwa kwa makundi kulingana na uhitaji, na kundi la mwisho likaambiwa halina chake, lijitegemee. Lijitegemee kwa nini, katika ardhi ya Turkana, ambako wenyeji wenyewe wametoka katika ukame wa misimu mitano mfululizo isiyo na mvua? Hilo halikuelezwa.

Ikaonekana pia katika zahanati. Tangu mwaka 2003 mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, ule ujulikanao kama PEPFAR, ndio uliobeba sehemu kubwa ya gharama za dawa za wagonjwa wetu. Amri ya Januari ilipotoka, dawa ambazo zilikwisha kununuliwa zilikwama katika ghala jijini Nairobi kwa sababu fedha za kuzisambaza zilikuwa zimefungiwa. Dawa zipo, wagonjwa wapo, barabara ipo. Kilichokosekana ni ruhusa ya mtu aliye Washington. Anayetaka kujua utegemezi ni kitu gani asisumbuke kutafuta vitabu. Aende akalitazame ghala hilo.

Sasa zimezuka sauti mbili katika nchi, na twaona ni wajibu wetu kuzikataa zote mbili.

Sauti ya kwanza ni ya wale wanaoshangilia. Wanasema ukoloni mamboleo umekufa, Mwafrika amekombolewa, nguo ya kuazima haisitiri matako, na kadhalika. Rais mstaafu Uhuru Kenyatta, akihutubia mkutano wa afya mjini Mombasa mwishoni mwa Januari 2025, aliwauliza wanaolia kwamba wanalilia nini, ilhali serikali hiyo si yao na wala hawailipi kodi. Maneno hayo yana ukweli, na tungeyapigia makofi kama yangetoka katika kinywa kingine. Lakini huyu alitawala karibu miaka kumi. Ni yeye aliyesema hadharani mwezi Januari 2021 kwamba serikali yake huibiwa zaidi ya shilingi bilioni 2 kila siku. Ni katika enzi yake, mwaka 2020, watu walipokuwa wakikata roho kwa maradhi ya korona, ndipo Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alipokuta manunuzi ya shilingi bilioni 7.8 katika bohari ya dawa ya KEMSA yaliyofanywa kinyume cha sheria. Mwenye kuyaacha hayo yatendeke chini ya kiti chake anapotuhubiria kujitegemea, hatuna budi kumwuliza: tujitegemee kwa kipi mlichotuachia? Mwaka 2001 viongozi wa Afrika walikutana Abuja wakaahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Marais watatu wamekwisha kuitawala Kenya baada ya Moi, na ahadi hiyo bado ni wino mkavu.

Twawaambia pia wenzetu wa mrengo huu wa kushangilia, kwamba anayekufa kwa kukosa dawa hafi kifo cha kizalendo. Hafi akiwa huru. Anakufa tu.

Sauti ya pili ni ya wale wanaoomboleza, na hao wengi wao ni watu wetu: wafanyakazi wa mashirika, watu wa semina, wenzetu tulioandamana nao. Kwa maombolezo yao mtu angedhani kwamba wafadhili ndio waliotuletea uhuru huu mdogo tulio nao. Tusahihishe historia kabla haijaganda.

Mwezi Novemba 1991 nchi wafadhili zilikutana Paris zikaizuilia serikali ya Moi misaada mipya kwa muda wa miezi sita. Wiki moja baadaye, Desemba 3, wajumbe wa KANU walikutanishwa Kasarani wakaambiwa kifungu cha 2A kiondolewe katika Katiba. Wengi wanaikumbuka wiki hiyo moja, wakaisahau miaka iliyotangulia. Wamesahau kwamba Kasisi Timothy Njoya alikuwa amehubiri juu ya kuanguka kwa tawala za chama kimoja siku ya Mwaka Mpya wa 1990, wakati mabalozi wengi wa nchi hizo hizo walikuwa bado wakiisifu Kenya kwa utulivu wake. Wamesahau kwamba jarida la Beyond la Baraza la Kitaifa la Makanisa lilipigwa marufuku mwaka 1988 kwa kuuanika wizi wa kura za mlolongo. Wamesahau Kamukunji, Julai 7, 1990, na waliopigwa risasi siku hizo. Paris iliusukuma mlango ambao bawaba zake zilikuwa zimekwisha kulegezwa na mikono ya hapa.

Na baada ya hapo? Mwaka 1993 wafadhili haohao walirudi na mifuko yao, wakaridhishwa na marekebisho ya uchumi, wakati sakata ya Goldenberg ilikuwa bado inafukuta na maelfu ya waliofukuzwa mashambani mwao katika Bonde la Ufa wakilala chini ya karatasi za plastiki. Kwa ajili ya hao wakimbizi wa ndani, Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa liliungana na serikali ile ile iliyokuwa ikituhumiwa kuwafukuza, wakaanzisha mpango wa pamoja wa kuwarudisha makwao. Wazee wa makanisa ya Naivasha hawahitaji kukumbushwa yaliyofuata. Alfajiri ya Desemba 24, 1994, mkesha wa Krismasi, askari wa utawala waliivamia kambi ya Maela, wakawapakia watu katika malori na kwenda kuwabwaga Mkoa wa Kati, na kambi ikateketezwa. Mpango wa msaada uliendelea kuwapo katika makaratasi. Waliowapelekea blanketi na unga walikuwa ni makanisa, na waliowaandika majina ili wasifutwe katika historia walikuwa ni watu wa kawaida walioonywa wasifike huko.

Somo la Maela twalifahamu hivi: msaada unaopita mikononi mwa mtesi bila ya aliyeteswa kuwa na sauti juu yake, hugeuka kuwa posho ya mtesi. Jambo hilo halikuanza na Trump, wala halitakwisha naye.

Basi kiti kimebaki kitupu, na mbio za kukikalia zimeanza. Twawaona wagombea wawili wakubwa.

Wa kwanza ni tajiri wa dunia mwenye nia njema. Mei 2025 Bill Gates alitangaza kwamba wakfu wake utatumia zaidi ya dola bilioni 200 katika miaka 20 ijayo, kisha ufungwe mwishoni mwa mwaka 2045. Hatusemi kwamba fedha hizo ni za bure. Chanjo zilizonunuliwa nazo zimewaokoa watoto wengi, na mama ambaye mtoto wake yu hai hatukubali adhihakiwe na mtu yeyote mwenye nadharia. Tunalouliza ni jingine. Waziri wa Afya akikosea, tuna bunge, mahakama, magazeti, na mwishowe kura. Mkuu wa wakfu akikosea, akaamua mwaka huu kwamba malaria ni muhimu kuliko ugonjwa wa kala azar unaowaua watu wa Baringo na Wajir, au kwamba mkulima wa Kitui apande mbegu hii wala si ile, tutampigia kura wapi?

Neno lenyewe wakfu ni neno letu la pwani, na linastahili heshima zaidi ya hii. Mzee wa Lamu au wa Mombasa alipoweka wakfu kisima, nyumba au shamba la minazi, alikuwa ameitoa mali hiyo mkononi mwake: haiuzwi, hairithiwi, na hawezi kuidai tena anapobadilisha mawazo. Kisima kikabaki cha wenye kiu. Wakfu wa siku hizi umegeuza kanuni hiyo juu chini, kwa kuwa mtoaji anatoa lakini anabaki ndani, yeye na jamaa zake na waajiriwa wake, akiamua kila mwaka nani anywe. (Ni kweli kwamba hata nyakfu za kale ziliibiwa na wasimamizi wake, na kesi za Mombasa ni shahidi, lakini mwizi alijulikana kuwa ni mwizi.)

Tena tazameni serikali yetu inavyompokea mgeni huyu. Mwaka 2024 ilichapisha katika gazeti rasmi la serikali tangazo la kuupa Wakfu wa Gates kinga na marupurupu ya namna wapewayo mabalozi. Chama cha Wanasheria wa Kenya kilikwenda mahakamani, na mwezi Novemba mwaka huo Mahakama Kuu ikasimamisha tangazo hilo. Twawashukuru mawakili. Lakini lipimeni jambo hili pamoja na lile la miezi michache kabla yake. Julai 2024, baada ya vijana kuingia barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, Rais William Ruto aliinyoshea kidole Wakfu wa Ford akidai kwamba unagharamia ghasia, na wizara yake ya mambo ya nje ikauandikia barua ya kuutaka ujieleze. Wakfu huo ulikanusha. Kwa hiyo tajiri anayejenga zahanati apewe kinga ya balozi, na tajiri anayesaidia watetezi wa haki aitwe mfadhili wa fujo. Hapo ndipo unapoona kwamba mbele ya serikali yetu ubaya wa fedha za kigeni hautokani na ugeni wake. Mwaka 2013 walijaribu kupitisha bungeni sheria ya kuyazuia mashirika ya kiraia yasipokee kutoka nje zaidi ya asilimia 15 ya fedha zao. Serikali yenyewe haikujiwekea kikomo cha namna hiyo, si kwa mikopo wala kwa misaada. Na Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyotiwa sahihi Januari 2013, ililala kabatini miaka 11 kabla ya kuanza kutumika Mei 2024. Katika muda huo wote tuliendelea kutawaliwa na sheria ya mwaka 1990, iliyotungwa na utawala wa chama kimoja ili kuyafunga kamba mashirika yaliyokuwa yakisema kweli.

Mgombea wa pili twamjua zaidi. Ana gari kubwa, ana msafara, na Jumapili hukaa kiti cha mbele. Huyu ndiye mfadhili wa kienyeji, mheshimiwa wa harambee.

Harambee ilianza kama jembe la pamoja. Shule nyingi za sekondari vijijini zilisimama kwa mayai, kuku na vijiti vya mbao vilivyotolewa na wasio na kitu. Kisha katika miaka ya Nyayo ikageuzwa kuwa mnada, ambapo sifa ya mtu hupimwa kwa unene wa bahasha yake na chifu huzunguka nyumba kwa nyumba akitoza mchango kwa nguvu. Sheria ya maadili ya watumishi wa umma ya mwaka 2003 ilijaribu kuiwekea mipaka. Julai 2024, akiwa amebanwa na vijana, Rais Ruto alitangaza kwamba maofisa wa serikali na watumishi wa umma hawataruhusiwa tena kushiriki harambee. Mheshimiwa mwenyewe hakukawia. Novemba 17, mwaka ule ule, alikwenda katika Kanisa Katoliki la Soweto, Kayole, akatoa shilingi milioni 2.6 kwa nyumba ya padre na kwa kwaya, na kuahidi nyingine pamoja na basi. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo akatangaza kwamba fedha hizo zitarudishwa.

Ndugu, twaomba mkae na tendo hilo kidogo. Siku nne kabla, maaskofu wa Kanisa Katoliki walikuwa wametoa tamko la kulaani utamaduni wa uongo katika serikali, na katika malalamiko yao mlikuwamo madeni ambayo bima ya afya ya taifa ilikuwa haijazilipa hospitali za misheni. Ndipo mdeni akaja kanisani na bahasha! Hospitali ya kanisa inamdai, muuguzi wake hajapata mshahara, mgonjwa anaambiwa atafute fedha taslimu. Naye mdeni anapita nyuma, anaingia patakatifu, anaweka juu ya meza sehemu ndogo sana ya deni, na kwaya inaimba. Lingekuwa duka la kijijini, mwenye duka angemwambia: bwana, lipa kwanza deni, zawadi baadaye.

Askofu Mkuu alitenda sawa. Lakini si wote. Machi 2025 kanisa moja la Roysambu liliahidiwa shilingi milioni 20, na vijana walipokuja kulalamika Jumapili iliyofuata walikutana na polisi. Tumesikia hoja ya wachungaji wanaopokea: fedha ni fedha, shetani alikuwa nazo muda mrefu, acha sasa zimtumikie Bwana. Hoja hiyo inachekesha mara ya kwanza tu. Fedha hizi hazikuwa za shetani. Zilikuwa za mama anayeuza mboga ambaye hukatwa ushuru kila asubuhi, na za mwalimu anayekatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kwa ajili ya bima ya afya kisha jioni yake anaongezwa katika kundi la simu la kuchangia bili ya hospitali ya mwenzake. Tunatozwa mara mbili kwa ugonjwa mmoja. Kisha kile kilichoibwa katika ile kodi ya kwanza hurudi kikiwa kimevaa suti, tukaambiwa tukishukuru.

Mnaoijua Biblia fungueni Mwanzo, sura ya 47. Twapenda kumsifu Yusufu kwa kuweka akiba ya nafaka katika miaka ya neema, na ni kweli aliwaokoa watu. Ila watoto wetu wa Shule ya Jumapili huwa hawasomewi sehemu inayofuata. Nafaka ile ilikusanywa katika mashamba ya Wamisri wenyewe. Njaa ilipowafika waliuziwa nafaka yao kwa fedha yao. Fedha ilipokwisha wakatoa mifugo. Mifugo ilipokwisha wakatoa mashamba. Na mwisho wakajitoa wao wenyewe, wakawa watumwa wa Farao, huku wakimshukuru aliyewaponya. Hatujui maelezo bora kuliko hayo ya siasa ya chakula cha msaada katika mwaka wa uchaguzi. Gunia la mahindi lenye picha ya mheshimiwa limetoka katika ghala la taifa. Lililomilikiwa na mpokeaji hutolewa kwa mpokeaji, na bei yake ni kura.

Watu wetu si wachoyo, wala hawakusubiri kufundishwa ukarimu na yeyote. Julai 2011, njaa ilipowashika ndugu zetu wa Turkana, Chama cha Msalaba Mwekundu, kampuni na vyombo vya habari vilianzisha mchango wa Kenyans for Kenya, vikiwa na lengo la shilingi milioni 500. Watu walituma kwa simu, wengine shilingi 10, na lengo likavukwa. Juni na Julai 2024 vijana waliwachangia majeruhi na wafiwa wa maandamano mamilioni ya shilingi kwa siku chache, na hesabu zikawekwa mtandaoni ambapo kila mtu aliweza kuzisoma. Hapo ndipo penye tofauti na ile bahasha ya Jumapili: mtoaji mdogo aliweza kuuliza, na mkusanyaji alilazimika kujibu.

Hata hivyo twaonya kwamba mchango wa namna hii, kwa uzuri wake wote, haulishi nchi. Mnamo 2011 huruma ilifika wakati watoto wamekwisha kufa, kwa sababu huruma huamshwa na picha, na picha hupigwa baada ya mauti. Kinyume chake, mpango wa fedha za kukinga njaa katika kaunti za Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir, ulioanzishwa kwa fedha za Uingereza, ulizipelekea kaya fedha kwa utaratibu, na serikali ya Kenya ikaingizwa hatua kwa hatua kuubeba yenyewe. Msaada wa aina hiyo tunauheshimu, kwani ulikuja ukijua utaondoka, na ukaacha daftari la majina ambalo mwananchi anaweza kulidai mahakamani. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema kila mtu ana haki ya kuwa huru kutokana na njaa na ya kupata huduma za afya za kiwango cha juu. Haki haiombwi kwa kupiga magoti, wala hapigiwi makofi anayeitimiza.

Kwa sababu hiyo ndiyo tuna wasiwasi na mkataba wa afya uliotiwa sahihi Washington Desemba 4, 2025. Marekani imeahidi hadi dola bilioni 1.6 katika miaka mitano, na Kenya ikaahidi kuongeza dola milioni 850 zake yenyewe. Fedha zipitie serikalini badala ya mashirika: hilo tumelidai miaka mingi na hatulikatai sasa kwa sababu tu limetoka kwa Trump. Lakini wananchi hawakuulizwa, na ndani yake mlikuwamo habari za wagonjwa wetu kupelekwa nje, hata Mahakama Kuu ikalazimika, wiki hiyo ya pili ya Desemba, kuisimamisha sehemu hiyo. Na zile milioni 850, zitatoka katika fungu lipi? Zisijekuwa kama asilimia 15 za Abuja.

Kuhusu wakimbizi, twajua baadhi ya wasomaji wetu watakunja uso. Wanasema tuna njaa yetu. Twawajibu kwamba Kenya ndiyo iliyowafungia kambini miaka zaidi ya 30, wasitembee wala wasifanye kazi pasipo kibali, na kwa kuwafungia ndivyo ilivyowafanya watu wa kulishwa. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, na Mpango wa Shirika uliozinduliwa Machi 2025, zimeahidi kuwafungulia. Mgao umekatwa kabla ya mlango kufunguliwa. Makanisa yenye matawi Lodwar na Garissa yalidai hati za waliofukuzwa Maela. Yadai na vibali vya kazi vya hawa.

Sasa kazi. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma inaitaka kila kaunti iwasilishe makadirio yake ya bajeti katika bunge la kaunti kabla ya Aprili 30, na wananchi wana haki ya kuyaona na kuyasemea. Kila kamati ya haki na amani ya parokia, na kila kundi letu la mtaa, litume watu watatu, mmoja wao awe muuguzi au mhasibu asiyeogopa tarakimu. Waende ofisi ya karani wa bunge la kaunti wakaombe nakala. Wakinyimwa, waombe kwa barua wakitaja kifungu cha 35 cha Katiba na wabaki na nakala yenye muhuri. Watafute mistari mitatu: dawa, mishahara ya wahudumu wa afya waliokuwa wakilipwa na wafadhili hadi Januari 2025, na akiba ya ukame. Waandike kilichotengwa mwaka jana na kilichotumika kweli. Tarakimu hizo zisomwe kanisani pamoja na matangazo ya ndoa, na siku mheshimiwa atakapoingia na bahasha, katibu wa kanisa amkabidhi karatasi hiyo kabla hajapewa kipaza sauti.